Uji wa Frankline

Dorca aliingia dukani bila kumsalimia mtu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Njuguna alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta akitafuta plagi za pikipiki katika maboksi ya chini. Alipoinua kichwa alimwona mwanamke mwenye kitenge kilichofifia akiipita kaunta na kulisukuma pazia la stoo kwa kiganja, kama anayefungua nyumba yake mwenyewe.

Mle stoo, kati ya rafu ya matairi na madumu ya mafuta ya injini, ndipo mkewe Njuguna alipokuwa na meza yake. Wahu aliandika hadithi za upelelezi. Vitabu vyote sita vya Inspekta Nabututu vilikuwa vimetoka kwenye meza hiyo, asubuhi baada ya asubuhi, huku mafundi wa Kibuye wakipiga vyuma nje. Alipomwona mgeni alitabasamu na kuanza kusogeza kiti.

"Mama Jacinta. Leo umenitembelea."

"Wewe ndiye uliandika hiyo uji?"

"Uji gani?" Wahu aliuliza, ingawa alijua.

"Usiniulize uji gani. Ile ya mwanamke wa mafunjo anawekea bwanake dawa ya nyanya, halafu anamwambia aende maji imchukue. Wanaisoma kwa redio kila siku baada ya habari ya saa saba. Shemeji yangu Dishon amesikia. Baba mkwe amesikia. Katito yote imesikia."

"Hiyo ni hadithi ya kutunga. Yule mwanamke anaitwa Kageha. Hata si Mjaluo."

"Na thamosi nyekundu ulitunga?"

Wahu aliifunga laptopu yake polepole. "Nyumba ngapi Kisumu hii zina thamosi nyekundu?"

"Ni ngapi zimepatikana ndani ya mtumbwi, na mwenyewe amekufa?"

Huko nje mteja mmoja aliyekuwa akingoja plagi alinyamaza ili asikie vizuri. Dorca hakupunguza sauti. Alieleza kwamba Dishon, kaka ya marehemu mumewe, alikuwa amempigia simu Jumapili. Alimwambia nyumba yake ya nyumbani Katito imefungwa na asijisumbue kuja likizo. Bintiye Jacinta, ambaye alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, atachukuliwa na upande wa baba yake shule zikifungwa. "Amesema hospitali walipima maji kwa mapafu. Hakuna mtu alipima uji. Miaka mbili hakuna mtu amewahi kusema neno juu ya uji, Wahu. Wewe ndiye umewafundisha."

"Sikutaja jina lako popote."

"Ulitaja kila kitu ingine."

Wahu alihisi uso ukimpanda joto. Alikuwa amezoea wasomaji kumpigia simu na kumsifu, au kumlalamikia kwamba muuaji walimjua mapema. Hakuwa amezoea kusimamiwa kichwani ndani ya stoo yake. Na katika hasira hiyo alitamka jambo ambalo angetoa chochote baadaye kulirudisha mdomoni.

"Kama hukufanya kitu, unaogopa nini?"

Ilikuwa sentensi ya Inspekta Nabututu. Alikuwa ameiandika katika vitabu vitatu, na kila mara ilimvunja mshukiwa. Dorca hakuvunjika. Alimtazama Wahu kwa muda, kuanzia miwani hadi viatu, kisha akageuka na kutoka alivyoingia.

Njuguna alimpa mteja plagi zake. Alisubiri yule mtu aondoke, ndipo akafunua pazia.

"Alikuambia yeye mwenyewe hayo mambo?"

"Niache nifanye kazi," Wahu alisema.

Wahu alizaliwa Kondele, kwa wazazi waliotoka Murang'a kuja kuuza nguo, na Kijaluo chake kilikuwa kile cha sokoni, cha haraka na chenye utani. Aliposhika miaka arobaini mgongo ulianza kumuuma kwa kukaa, na daktari akamwambia atembee. Kutembea bila sababu kulimchosha. Ndipo akanunua darubini, na mara tatu kwa wiki, alfajiri, akawa anaenda Dunga kutazama ndege katika mafunjo ya ziwani. Aliwaandika katika daftari moja gumu: jina, tarehe, ndege alichokuwa akifanya. Aliwachora pia, vibaya. Hakuna aliyesubiri michoro ile na hakuna aliyeilipia, na hilo ndilo lililomfurahisha.

Dorca alikuwa akikaa mwisho wa njia ya mbao iliyopita juu ya maji, akichana mafunjo ya kusukia mikeka. Mwanzoni walisalimiana tu. Kisha Wahu akahangaika majuma mawili kumtafuta ndege mmoja mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano, asiyekaa popote ila ndani ya mafunjo. Dorca alimcheka, akaweka kisu chini, akamwongoza hatua thelathini na kumwonyesha kiota. Tangu siku hiyo Wahu akawa anakuja na mandazi ya watu wawili.

Mwaka uliofuata Frankline, mumewe Dorca, alikufa maji. Mtumbwi ulipatikana umekwama kwenye gugu maji, na ndani yake kulikuwa na wavu na thamosi nyekundu. Dorca aliporudi kutoka matangani alikaa miezi bila kusema. Halafu asubuhi moja, akiwa bado anachana mafunjo, akasema yote. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameona ujumbe wa mwanamke mwingine kwenye simu ya Frankline. Waligombana hadi wakachoka. Asubuhi alimpikia uji kwa sababu ndivyo alivyofanya kila siku, akaumimina kwenye thamosi, na mumewe alipofika mlangoni akamwambia: nenda, maji ikuchukue. Kabla ya saa sita maji yalikuwa yamemchukua. Alisema hajamwambia padre wala mama yake mzazi. Wahu alimshika mkono. Wahu mwenyewe alilia kweli, wala si kwa kuigiza.

Kisha akarudi nyumbani na kuyaandika maneno yale kwenye kurasa za nyuma za daftari la ndege, neno kwa neno. Alijiambia anayahifadhi tu. Miezi minane baadaye mchapishaji alitaka kitabu cha sita kabla ya Januari, naye Wahu hakuwa na kitu. Aliligeuza daftari, akasoma, na kitabu kikatoka kwa majuma saba, upesi kuliko vyote alivyowahi kuandika. Cha kuongeza kilikuwa sumu peke yake.

Jumamosi baada ya Dorca kuja dukani, Wahu alienda Dunga kama kawaida. Alikuwa ameamua kwamba asipoenda ataonekana amekubali kosa.

Hakuna aliyeitikia salamu yake. Wanawake wa mikeka walikuwa wamekaa chini ya banda lao, saba au wanane, na alipopita waliendelea kusuka bila kuinua macho. Mahali pa Dorca palikuwa patupu. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipakia mafunjo alimuuliza kwa sauti ya kuchangamka, "Leo unaandika nani, Madam?" na wenzake wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Alifika mwisho wa njia ya mbao, akainua darubini. Hakuona ndege. Aliona maji tu. Alipogeuka, mwenyekiti wa kikundi cha wasusi, mama mnene mpole aitwaye Valerie, alikuwa amesimama katikati ya njia na wenzake wawili nyuma yake. Njia ile ilitosha mtu mmoja.

"Hiyo kitabu yako," Valerie alisema. "Miaka yote unakaa hapa unaandika. Sisi tulisema ni ndege. Tuliwaambia hata vijana wakusaidie kubeba kiti. Sasa tunauliza. Ni ndege?"

"Ni ndege, Mama."

"Basi tusomee ndege."

Wahu alilifungua daftari. Alisoma mdiria, tarehe tisa, amekamata samaki. Alisoma korongo wanne wakiruka kuelekea Kendu Bay. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa, naye alilijua hilo, na akawachukia kwa dakika hiyo wote watatu. Valerie alimsikiliza hadi mwisho wa ukurasa.

"Sasa geuza. Tusomee nyuma."

Wahu alilifunga.

"Nimesema geuza."

"Hili ni daftari langu."

"Ni yako," Valerie alikubali. Hakulinyakua wala hakumgusa. Alisogea kando, na wenzake wakasogea kando, wakamfungulia njia. "Dorca alikuwa anasema labda ni bahati mbaya, labda alisikia kwa watu. Nitamwambia umekataa kugeuza. Na usikuje hapa tena. Ndege ziko hata Kisian."

Njuguna alimkuta jikoni akiwa amekaa na viatu vyenye matope miguuni. Alimimina chai yake mwenyewe kwanza.

"Ulimwomba ruhusa?"

"Waandishi hawaombi ruhusa. Ningeomba ruhusa kwa kila kitu ninachosikia, nisingeandika hata barua."

"Sikukuuliza habari za waandishi. Mimi nawauzia hawa watu vipuri. Nimewauzia tangu wakati wa baba yangu. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, Wakikuyu wakifukuzwa, duka letu lililindwa na watu kutoka Dunga na Nyalenda, wewe ukiwa umelala stoo na watoto. Unakumbuka?"

"Usiniletee mwaka ule."

"Mimi siuleti. Uko hapa." Akatoka na kikombe chake.

Alimpigia simu mhariri wake Nairobi, Lornah, akitarajia kufarijiwa. Lornah alifurahi mno kumsikia. Redio ilikuwa imeomba na kitabu cha tano. Wahu alipomweleza, Lornah akasema kwa makini, "Usiandike msamaha mahali popote. Hata ujumbe wa simu. Ukiomba msamaha umekiri ni yeye."

"Ni yeye."

"Sijasikia hilo," Lornah alisema.

Alipoomba redio waache kusoma, mtangazaji alimjibu kwa heshima kwamba wamebakiza vipindi vinne tu na wasikilizaji wangekuja kuvunja vioo vya studio. Ndipo Wahu, bila kumwambia mumewe wala Dorca, akaamua kwenda Katito mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba mtu aliyeweza kuwafanya maelfu waamini uongo angeweza kumfanya mzee mmoja aamini ukweli.

Boma la Mzee Ogola, baba yake Frankline, lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka soko la Katito. Dishon alimpokea langoni, mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi. Wahu aliletewa kiti cha plastiki kikawekwa juani. Hakuletewa maji. Mzee Ogola alitoka ndani akiwa na redio ndogo mfukoni, akaketi kivulini kwake, mkabala.

"Wewe ndiye mwenye hadithi," alisema.

"Ndiye mimi, Mzee. Nimekuja kuwaambia kwamba ni hadithi tu. Inspekta Nabututu hayuko. Kageha hayuko. Sumu sikuitoa popote, niliitunga."

"Vizuri. Sisi ni watu wa kuelewa." Mzee alizungumza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu aliyewahi kufanya kazi mbali. "Mwanamke wa kusuka mikeka ulimtunga?"

"Wasusi ni wengi, Mzee."

"Mume wa kufa ziwani?"

"Wanaokufa ziwani pia ni wengi."

"Ni kweli. Na ile simu, yenye barua za mwanamke mwingine? Kwa sababu mwanangu alikuwa na mwanamke mwingine, pale Bondo, na sisi ndio tulijua peke yetu. Tulificha ili Dorca asiumie. Hiyo ulitunga?"

Wahu alihisi kiti kikizama mchangani. "Aliniambia yeye."

"Aha. Na thamosi?"

"Aliniambia."

"Rangi yake?"

"Aliniambia, Mzee. Lakini aliniambia kwa uchungu, akiwa anamlilia mumewe. Hakuna mke aliyemlilia mume kama yeye."

"Nasikia." Mzee Ogola alitazama mikono yake. "Na lile neno la mlangoni. Nenda, maji yakuchukue. Hilo nalo?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa neno moja. Wahu alijua kabisa la kusema. Alikuwa ameishi kwa kusema yasiyokuwa, na hakuna siku aliyohitaji uongo mmoja mdogo, safi, kama siku ile. Lakini alimwona Dorca na kisu chake, na kichwa kilichoinama juu ya mafunjo, na ulimi ukakwama. Alihesabu baadaye. Ilikuwa labda pumzi mbili.

"Hilo nililitunga mimi," akasema.

"Umechelewa, mama," mzee alisema, bila ukali.

Dishon, aliyekuwa amesimama muda wote, alicheka puani. "Nilisema. Nilisema hata kabla ya kuzika."

"Dishon, Dorca alimwambia kwa hasira tu. Watu wanaambiana maneno hayo kila siku," Wahu alisema haraka, na alipokwisha kusema akaelewa alichofanya. Alikuwa amekuja kumwondolea Dorca mzigo na badala yake ameutia muhuri.

Alisimama. Ng'ambo ya uwanja aliiona nyumba ya Dorca, mabati mapya na ukuta wa udongo uliopakwa vizuri, na mlangoni kufuli ambayo bado ilikuwa na karatasi ya plastiki ya dukani. Bila kufikiri, mkono wake ulikuwa umeingia mkobani na kushika kalamu.

Dishon aliuona. "Andika," alimwambia. "Andika vizuri. Kufuli ni ya bluu."

Redio ilimaliza kitabu Ijumaa iliyofuata. Inspekta Nabututu alimtia pingu mwanamke wa mafunjo mbele ya kijiji kizima, na wasikilizaji wakapiga simu kushangilia. Wiki hiyo hiyo ukoo ulikaa mbele ya naibu chifu. Ripoti ya hospitali ilisomwa: Frankline alikufa maji, basi. Naibu chifu alisema hakuna kesi. Mzee Ogola alisema yeye pia hataki kesi, yeye anataka tu mtu aliyemwapiza mwanawe asilale bomani kwake. Kwa hilo hakukuwa na ripoti. Nyumba ikabaki imefungwa. Jacinta alichukuliwa siku ya kufunga shule, na mama yake aliambiwa anaweza kumwona Katito, sokoni, mchana.

Wanawake wa Dunga waligawanyika pia. Valerie alisimama na Dorca, lakini wengine wawili, wakihofia sumu, waliacha uji wa pamoja wakaanza kuleta wao kutoka nyumbani, na kikombe cha Dorca kikaachwa peke yake kwenye trei. Alivumilia siku tisa. Kisha akabeba kisu na fremu zake za kusukia, akaenda kukaa kwa dada yake Kisian na kupanga mikeka kando ya barabara ya Busia.

Wahu alimpata huko mwezi wa Desemba. Dorca alikuwa amenenepa mashavuni jinsi watu wanavyovimba kwa kukosa usingizi. Wahu alisimama mbele ya mikeka kama mteja, kwa sababu hakujua pa kusimama pengine.

"Nani alikutuma Katito?" Dorca aliuliza.

"Hakuna. Nilitaka kusaidia."

"Walikuwa na shaka. Mtu wa shaka unaweza mngojea, anachoka. Wewe ukaenda ukawapa hakika." Alinyoosha mkeka uliokuwa umenyooka tayari. "Lile neno nilikuwa nimelibeba peke yangu. Lilikuwa zito, lakini lilikuwa langu. Sasa mtoto wangu ameniuliza kwa simu, Mama, ni kweli ulimwambia Baba hivyo? Nimjibu nini? Wewe unajua kutunga. Nitungie."

Wahu alisema alichokuwa amekiandaa njiani. "Naweza kwenda redioni. Nimeongea nao, watanipa dakika kumi. Nitasema ni wewe niliyekuibia, na kwamba sumu ni yangu, na kwamba hukumfanyia mumeo lolote. Niko tayari waache kununua vitabu vyangu."

"Utasema jina langu?"

"Nisipolisema haitasaidia."

"Na Homa Bay watasikia? Na Bondo? Na shule ya Jacinta?"

"Watasikia."

"Kwa hivyo wale hawakujua ni mimi, sasa watajua." Dorca alimtazama kama siku ile ya stoo, kuanzia juu hadi chini, ila safari hii bila hamu. "Kila kitu unafanya inaishia kwa jina yako kusikika. Hata msamaha."

"Basi niambie nifanye nini."

"Hakuna. Hakuna kitu unaweza kufanya, na hiyo ndiyo unashindwa kuelewa. Unafikiri kila kitu iko na ukurasa wa mwisho." Lori lilipita na kuwafunika vumbi. Dorca alisubiri litulie. "Niliwahi kukuona kama dada. Sasa sitaki hata kukuona. Sitakuroga, sitakushtaki, sitakutukana mbele ya watu. Lakini ukija hapa mara ingine nitaita hawa vijana wa boda wakutoe, na nitawaambia kwa nini."

Gari dogo lilisimama, na mwanamume mmoja akateremsha kioo kuuliza bei ya mkeka mkubwa. Dorca alimpita Wahu bila kumgusa, akaenda dirishani, na sauti yake ikabadilika ikawa ya biashara, laini, yenye kubembeleza. Aliukunjua mkeka barabarani ili mteja auone wote. Wahu alibaki amesimama pale hadi alipotambua kwamba anamziba mteja, akasogea. Kisha akavuka barabara upande wa pili, kusubiri gari la kurudi mjini.